Kompyuta ya Nyumbani, Nywila ya Muscat

Kompyuta ikikuambia huna ruhusa, haikuambii ruhusa hiyo iko kwa nani. Wengi hawaulizi. Wanabofya tena, wanazima na kuwasha, wanashusha programu ya kuondolea programu, na kesho yake wanatafuta ya kuiondoa hiyo nayo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, si fundi, ila katika ukoo wetu ndiye ninayeaminika kujua kidogo, kwa hiyo nimeitwa kung'oa programu kaidi kwa ndugu, kwa majirani na hata kwenye kompyuta ya kwaya ya kigango chetu. Siku hizi sishiki kipanya kabla sijajua anayekataa ni nani. Wanaoweza kukataa ni wengi: akaunti uliyoingilia, programu yenyewe, Windows, au kampuni iliyo ng'ambo ambayo hata hujui kama ipo.

Mashine iliyonifunza hayo ni ya nyumbani kwa wazazi wangu, Morogoro. Ni kompyuta ya mezani yenye Windows 10. Aliyeinunua na kuiandaa ni shemeji yangu, mume wa dada, kabla hajaenda Muscat kikazi. Shemeji ujana wake aliumalizia kwenye intaneti kafe, enzi za Windows XP. Aliona jinsi flashi ya mteja mmoja ilivyoweza kuambukiza duka zima, ukifungua unakuta mafolda yako yamefichwa na mahali pake pamejaa njia za mkato. Aliapa kwamba kompyuta ya wakwe zake haitapatwa na hayo. Akafungua akaunti mbili: moja yake, ya msimamizi, yenye nywila; nyingine ya familia nzima, ya mtumiaji wa kawaida. Akaweka na antivairasi ya kulipia, leseni ya mwaka mmoja. Kisha akapanda ndege.

Leseni ikaisha na antivairasi ikaanza kelele. Mzee akifungua muhtasari wa kikao cha jumuiya, kidirisha chekundu kinajitokeza pembeni kumwambia yuko hatarini. Akikifunga, kinarudi. Mama aliamua kwamba kompyuta inaumwa, na akawakataza wajukuu kuisogelea. Mdogo wangu alijaribu kuitoa: akaenda kwenye orodha ya programu, akabofya Uninstall, skrini nzima ikafifia na kisanduku kikajitokeza katikati kikiomba nywila ya shemeji. Hapo ndipo nilipopigiwa simu.

Kisanduku hicho kina historia. Kwenye Windows XP, akaunti zilizofunguliwa wakati wa kusakinisha zilikuwa za msimamizi, na karibu kila nyumba iliishi hivyo hivyo. Ulichoweza kufanya wewe, programu yoyote uliyoifungua iliweza pia, na kirusi kilichopitia kwenye flashi yako kilirithi mamlaka yako yote bila kukuuliza. Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007, Microsoft ikaleta utaratibu mpya: hata msimamizi anafanya kazi zake za kila siku kwa mamlaka ya kawaida, na likija jambo linalogusa mashine nzima anaulizwa kwanza. Msimamizi hubofya tu kukubali. Mtumiaji wa kawaida hawezi kukubali. Lazima msimamizi aandike nywila yake. Watu waliichukia Vista kwa sababu ya kisanduku hicho, na mafundi wengi walikuwa wakikizima kabla hata hawajamkabidhi mteja mashine. Mimi niko upande wa kisanduku. Kilichokuwa kinamkera mdogo wangu siku ile ndicho kilichokuwa kimewazuia wajukuu kuijaza kompyuta takataka miaka yote hiyo.

Au tuseme, kuijaza kwa kiasi fulani. Maana nilipoketi mbele ya ile mashine nilianza na vile ambavyo havihitaji ruhusa ya mtu, na vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani. Programu inayosakinishwa kwa ajili ya kompyuta nzima hukaa kwenye folda ya Program Files na kuandika habari zake kwenye rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, sehemu inayowahusu watumiaji wote; huko mtumiaji wa kawaida anasoma tu. Lakini kuna programu zinazokwepa kisanduku kwa kujisakinisha ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, ile iitwayo AppData, ambayo imefichwa. Vivinjari vingine hufanya hivyo, programu za mikutano hufanya hivyo, na vigemu na vikorokoro vya kubadilisha ukurasa wa mwanzo hupenda sana njia hiyo. Hizo zinaingia bila ruhusa na zinatoka bila ruhusa. Sharti ni moja: uzitoe ukiwa ndani ya akaunti ileile iliyozisakinisha. Ukiingia kama msimamizi, kwenye orodha yake hutaziona kabisa. Nimeshakuta fundi akibishana na mteja kwamba programu haipo, na mteja akiapa kwamba anaiona kila asubuhi. Wote walikuwa wakweli, ila kila mmoja alikuwa ameingia kwa akaunti yake.

Baada ya kufagia hayo, ilibaki antivairasi. Nikampigia shemeji.

"Shem, salama huko?"

"Salama, shem. Joto tu. Wazee hawajambo?"

"Hawajambo. Ila ile kompyuta inataka nywila yako."

Akanyamaza kidogo. "Sasa nitaitajaje kwenye simu, shem? Hiyo hiyo ndiyo ya barua pepe yangu."

Sikumlaumu, watu wengi wanaishi na nywila moja kwa kila kitu, na alikuwa na adabu ya kulisema. Akashauri aingie mwenyewe kwa mbali, aiandike kwa mkono wake. Windows 10 ina kifaa cha msaada cha Quick Assist, kilicholetwa mwaka 2016: anayesaidia anapata namba ya siri, anayesaidiwa anaiingiza, na yule wa mbali anaiona skrini na kuiendesha. Intaneti ikakubali. Shemeji akaiona kompyuta yake kutoka Muscat, akafurahi kuona picha ya wanawe bado iko kwenye skrini, akalitaniatania bando langu, kisha akabofya Uninstall.

"Shem, kwangu pamekuwa peusi."

Kwangu kisanduku cha nywila kilikuwa kinaonekana vizuri kabisa. Nikabofya hapana, picha ikarudi kwake. Akabofya tena, giza tena. Nilikuja kuelewa sababu baadaye, na nadhani kila anayemsaidia mzazi wake kwa mbali anapaswa kuijua. Skrini inapofifia, Windows huwa imehamia kwenye skrini nyingine ya ulinzi, ambayo programu za kawaida haziruhusiwi kuiona wala kuibofya. Imewekwa hivyo ili kirusi kisiweze kujibofyea ndiyo, wala kupiga picha ya nywila inayoandikwa. Quick Assist iliyofunguliwa na mtumiaji wa kawaida nayo inahesabiwa kuwa programu ya kawaida. Kwa hiyo msaidizi anapofushwa sekunde ileile anayohitajika zaidi. Uamuzi mkali, lakini fikiria matapeli wanaopiga simu wakijifanya watu wa huduma kwa wateja na kuomba uwafungulie skrini: giza lilelile linawazuia na wao.

Shemeji akatoa wazo ambalo sikulitegemea. Alikata simu, akabadilisha nywila ya barua pepe yake kwanza, na nyingine alizokumbuka zinazofanana, kisha akapiga tena na kunitajia ile ya zamani, herufi kwa herufi. Tuliitumia kwa kazi moja tu kabla ya yote: kufungua akaunti mpya ya msimamizi kwa ajili ya nyumba, yenye nywila yake. Kisha, kwa ridhaa yake, nikaishusha akaunti yake kuwa ya kawaida. Mafaili yake hayakuguswa. Nilisisitiza hilo kwa mzee pia, maana kumvua mkwe madaraka, hata ya kompyuta, ni jambo la kuelezana.

Nilijua tumemaliza. Nikaanza kuiondoa antivairasi, kisanduku kikaja, nikaandika nywila mpya, kikakubali. Halafu antivairasi ikafungua kidirisha chake yenyewe na kuomba nywila nyingine. Hii haikuwa ya Windows. Shemeji, kwa ile hofu ya enzi za kafe, alikuwa ameiwekea programu kufuli la ndani ili wajukuu wasiizime, na kufuli hilo hakulikumbuka hata kwa mbali.

Nikajaribu kuisimamisha kwenye orodha ya huduma za Windows. Kitufe cha kusimamisha kilikuwa kimefifia, hakibofyeki. Nikaenda kwenye Task Manager kuikatisha. Jibu likaja kwamba nimekatazwa. Mimi, msimamizi wa mashine, nimekatazwa na programu iliyoisha leseni.

Hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu, ingawa sikuacha kuichukia. Fikiria kazi yake. Kirusi kikifanikiwa kupata mamlaka ya msimamizi, kitu cha kwanza kitakachofanya ni kumzima mlinzi. Kwa hiyo mlinzi anayezimwa na msimamizi yeyote hana maana. Tangu Windows 8.1, Microsoft imeruhusu huduma za antivairasi kuendeshwa kama michakato iliyolindwa, ambayo hata msimamizi hawezi kuikatisha kwa njia za kawaida, na programu nyingi zinaongeza ulinzi wao wenyewe juu ya mafaili na rejista. Wewe unayetaka kuitoa kwa nia njema na kirusi kinachotaka kuitoa kwa nia mbaya mnafanana machoni pake. Kwa hiyo kukataliwa nikiwa msimamizi hakukuwa na maana kwamba mashine imeharibika, wala kwamba antivairasi imegeuka kuwa kirusi, kama mdogo wangu alivyokuwa ameshaanza kuwatangazia watu. Kulikuwa na maana kwamba mlango wa programu hii uko mahali pengine, na aliyeitengeneza ndiye anayejua ni wapi.

Karibu kampuni zote kubwa za antivairasi hutoa bure kifaa kidogo cha kuiondoa antivairasi yao wenyewe, kwa sababu wanajua vizuri walichokijenga. Tatizo ni kukipata cha kweli. Ukitafuta kwenye intaneti jina la antivairasi pamoja na neno la kuondoa, matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya watu wengine kabisa, na baadhi yanakuletea programu ngumu kutoka kuliko ile uliyoanza nayo. Mimi niliandika anwani ya kampuni moja kwa moja, nikaingia ukurasa wa msaada, nikakishusha kutoka humo. Kabla ya kukifungua nilibofya kitufe cha kulia cha kipanya, nikaenda kwenye Properties, nikatazama sehemu ya saini za kidijitali. Jina la kampuni likawepo, na Windows ikathibitisha kwamba saini ni halali. Faili lisilo na sehemu hiyo, linalodai kutoka kwa kampuni kubwa ya usalama, ningelifuta bila mjadala.

Kifaa kilitaka kiendeshwe katika hali salama. Ukishikilia kitufe cha Shift huku ukibofya kuwasha upya, Windows inakuletea skrini ya bluu yenye machaguo; unaingia sehemu ya kutatua matatizo, unafika kwenye mipangilio ya kuwasha, mashine inajizima na kuwaka tena, kisha unabonyeza 4. Katika hali salama Windows inaamka na vitu vya lazima tu. Walinzi wa antivairasi, ambao kwa kawaida huamka mapema kabla hujaona hata sehemu ya kuandika nywila, wanabaki wamelala. Kuna jambo moja linalowachanganya watu humo: huduma ya Windows inayosakinisha na kuondoa programu nyingi nayo haiamki, kwa hiyo ukijaribu Uninstall ya kawaida ukiwa katika hali salama unaweza kuambiwa haiwezekani. Si kwamba programu imeshinda tena. Kifaa cha kampuni hakitegemei huduma hiyo, ndiyo maana kinakutaka uje huku.

Kikafanya kazi yake kimyakimya, kikaomba kuwasha upya. Mashine ilipowaka, ilikuwa nyepesi hata sauti ya feni ilishuka. Nikafungua sehemu ya usalama ya Windows kuhakikisha kwamba Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, imerudi kazini. Huwa inajiweka pembeni ikiwapo antivairasi nyingine, na inarudi yenyewe nyingine ikitoka. Ila nimezoea kuangalia, maana mabaki ya antivairasi yanaweza kuifanya Windows iamini kwamba mlinzi wa zamani bado yupo.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa na tatizo la jinsi hiyo hiyo na akachagua njia fupi. Alimwita fundi. Fundi akaja na flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, akaiwasha kompyuta kwa kutumia hiyo flashi, akaingia kwenye diski, akafuta folda nzima ya antivairasi, akachukua chake akaondoka. Hakuulizwa nywila hata moja. Jirani alinisimulia kwa mshangao: kumbe ulinzi wote ule ni bure?

Si bure, ila una mipaka yake. Ruhusa za mafaili zimeandikwa kwenye diski, lakini anayezisimamia ni Windows iliyo macho. Ukiiwasha mashine kwa mfumo mwingine, hakuna wa kuzisimamia; ni kama kusoma kibao cha "hapaingiwi" siku ambayo askari hayupo. Kinachozuia hapo ni kuisimba diski yenyewe tu, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo. Kompyuta nyingi za sasa zinakuja na diski iliyosimbwa, na bila ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 Linux ya fundi haioni kitu.

Jioni ile jirani akagundua hana intaneti. Waya umechomekwa, taa zinawaka, hakuna kinachofunguka. Antivairasi yake, kama nyingi nyingine, ilikuwa imejichomeka katikati ya kadi ya mtandao na Windows ili ichunguze kila kinachopita. Folda ilifutwa, lakini rejista bado ilikuwa inasema kwamba lazima data ipitie kwa mchunguzi yule. Windows ikamtafuta, haikumwona, ikafunga njia. Tulimrudishia intaneti kwa kuweka upya mtandao mzima kutoka kwenye mipangilio, kazi inayotaka msimamizi na kuwasha upya. Alibahatika kwamba kilichokatika kilikuwa mtandao. Programu iliyojichomeka kwenye diski kwa mtindo huo inaweza kukuachia mashine isiyowaka.

Tukio maarufu zaidi la aina hii ni la mwaka 2005. Mark Russinovich, mtaalamu wa Windows, aligundua kwamba CD ya muziki ya Sony BMG ilikuwa imeweka kwenye kompyuta yake programu ya kuzuia kunakili, na kwamba programu hiyo ilificha kila faili ambalo jina lake lilianza na $sys$. Aliichimbua, akaifuta kwa mkono, na kiendesha CD chake kikatoweka kwenye Windows, kwa kuwa programu ilikuwa imejichomeka kwenye njia ya CD. Yeye alijua pa kwenda kwenye rejista kuirekebisha. Mwaka uliofuata Microsoft ikainunua kampuni aliyoianzisha pamoja na vifaa vyake, ambavyo hadi leo vinatolewa bure. Kimoja, Autoruns, ndicho ninachokitumia baada ya kila kazi ya namna hii. Kinaorodhesha kila kitu kinachojiamsha kompyuta inapowaka, na mistari ya njano ni ile inayoita faili ambalo halipo tena. Kwa jirani njano zilikuwa zimejaa. Kwetu Morogoro ulibaki mstari mmoja, kazi iliyopangwa ya kukumbusha kulipia leseni. Nikauondoa.

Nikawaaga wazee. Kabla sijafika stendi mama akapiga simu: kidirisha chekundu kimerudi.

Nilirudi nikiwa nimeshaanza kuwaza kuifuta diski nzima. Kidirisha kilikuwa kweli kipo, pembeni, chekundu, kikisema antivairasi imekwisha muda na kompyuta ina virusi. Ila jina la antivairasi lilikuwa la kampuni nyingine, ambayo haijawahi kukanyaga kwenye mashine ile. Na kwa maandishi madogo chini kulikuwa na anwani ya tovuti na jina la kivinjari. Mmoja wa wajukuu, akitafuta katuni, alikutana na tovuti iliyouliza kama inaruhusiwa kutuma taarifa, akakubali. Tangu hapo tovuti ilikuwa inatuma matangazo ya kutisha kupitia kivinjari, na huenda nusu ya kelele zote ambazo antivairasi ilibebeshwa zilikuwa za tovuti hii. Kuiondoa kulichukua muda wa kufungua mipangilio ya kivinjari, kwenda kwenye ruhusa za taarifa na kuifuta tovuti kwenye orodha. Hakukuhitajika nywila, hali salama wala Muscat.

Nikimsaidia mtu sasa, swali langu la kwanza ni kidirisha kinatoka kwa nani. Inashangaza ni mara ngapi jibu ni kivinjari.

Kuna mambo mawili ninayokataa kuyafanya hata nikiombwa. La kwanza ni kuifuta nywila ya akaunti ya mtu kwa flashi, huduma ambayo mafundi wengi wanaitoa kwa bei ya chai. Kwenye kompyuta yako mwenyewe si dhambi, lakini nywila ikilazimishwa kutoka nje, yale yaliyofungwa kwa nywila ya zamani hayafunguki tena: mafaili yaliyosimbwa na Windows, na nywila zilizohifadhiwa kwenye baadhi ya programu. Mwenye akaunti akiibadilisha mwenyewe akiwa ameingia, hayo yote yanahama naye. Na kama akaunti ni ya Microsoft, nywila yake hurejeshwa mtandaoni kwa barua pepe au simu ya mwenyewe, fundi wa nini? La pili ni kujimilikisha mafolda ya Windows ili kufuta kitu kinachokera. Tangu Vista, mafaili mengi ya mfumo yanamilikiwa na TrustedInstaller, huduma ya Windows, wala si msimamizi. Amri za kunyang'anya umiliki zipo na zinafanya kazi, na nimeona mashine ambazo baada ya hapo hazikupokea sasisho tena.

Halafu kuna kukataa ambako hakuna mlango wako kabisa. Mpwa wangu alipata nafasi chuoni na kununuliwa laptopu iliyotumika, Kariakoo. Nzuri, ya kazi, kibodi imara, bei ya kuvutia. Akaunti yake ilikuwa ya msimamizi. Lakini humo ndani kulikuwa na programu ya usimamizi isiyotoka, na mipangilio kadhaa ilikuwa imefifia, ikisema inasimamiwa na shirika lake. Yeye hana shirika. Akafanya busara ya kuirudisha Windows mwanzo kabisa, akaiunganisha na intaneti, na badala ya kumkaribisha ikamletea ukurasa wenye jina na nembo ya kampuni ya Ulaya, ikimtaka aingie kwa barua pepe ya kazi.

Hilo si tatizo la diski. Kampuni nyingi zinaandikisha laptopu zao Microsoft kwa alama za vifaa vya mashine yenyewe, chini ya mpango uitwao Autopilot. Hata ukibadilisha diski ukaweka mpya, Windows ikifika kwenye intaneti wakati wa kuandaliwa inauliza, na inaambiwa mashine hii ni ya nani. Anayeweza kuifuta kwenye orodha hiyo ni kampuni iliyoiandikisha. Nyingine zina ulinzi wa wizi ulioko hata chini zaidi: tangu Windows 8, BIOS, programu ya ndani ya mashine inayoamka kabla ya Windows, inaweza kumkabidhi Windows programu ya kuendesha kila inapowaka, kwa hiyo unaifuta leo, kesho iko palepale. Pengine kampuni iliuza mashine zake kihalali na mtu wa kompyuta akasahau kuzifuta kwenye orodha. Pengine iliibwa. Kwa kuitazama tu huwezi kujua, na kwenye intaneti hakukosekani watu wa kukufundisha kuikwepa. Nilimwambia mpwa wangu tunairudisha.

Muuzaji hakuwa mkali. "Kaka, hiyo ni Windows tu. Mwachie fundi aipige upya, kesho unachukua."

Nikamwambia aipige sasa hivi, na aiunganishe na intaneti ya simu yangu kabla ya kuandaa akaunti. Akashangaa kidogo, maana yeye huziandaa bila intaneti ili zisichelewe. Tulisubiri tukinywa maji kwenye benchi la nje, duka likiwa limejaa watu. Ukurasa wa kampuni ukaja. Akauangalia kwa muda, akamwita mwenzake, wakaongea pembeni. Akakubali kutubadilishia, tukachagua nyingine ya aina tofauti, nayo tukaipitisha njia ileile: kurudishwa mwanzo, intaneti ikiwa wazi, kisha kuingia kwenye BIOS kuona kama inaomba nywila, kisha kwenye mipangilio ya akaunti kuona kama imeunganishwa na kazi au shule ya mtu. Ilikuwa safi.

Akaniomba nimwandikie hizo hatua. Nikamwandikia nyuma ya risiti ya zamani, naye akashusha laptopu nyingine kutoka rafuni, ya shehena ileile iliyoleta ile ya kwanza, akairudisha mwanzo na kuiunganisha na simu yake mwenyewe. Likaja jina la kampuni ileile. Akatazama juu, kwenye rafu.